Kushuka Irente peke yako kwa baiskeli: niende au nisiende?

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 26, naishi Tanga mjini. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mlima ya mtumba: magurudumu ya 29, shokapu mbele tu, breki za diski za mafuta. Nimeiendesha miezi tisa sasa, mara nyingi Amboni na Pongwe, na mara mbili nimefika Muheza na kurudi. Mwezi wa nane mimi na mwenzangu tulipanga kwenda Lushoto siku nne, tushuke njia za miguu kutoka Irente hadi chini kwenye tambarare ya Mazinde. Mwenzangu amepata kazi Dar, hawezi kuja tena. Nauli ninayo na likizo nimeshapewa. Je, naweza kwenda peke yangu? Na kama naweza, nijiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nenda Lushoto. Likizo usiifute. Ila ule mteremko wenyewe, kutoka ukingo wa Irente hadi tambarare, usiushuke peke yako siku ya kwanza unapouona. Ukishaupita mara moja na mtu anayeujua, au ukishautembea kwa miguu yako mwanzo hadi mwisho, tutazungumza mengine, na inawezekana nikakuambia mwenyewe uende. Hilo ndilo jibu langu. Yanayofuata ni sababu zake, na namna ya kutumia hizo siku nne zisipotee bure.

Miezi tisa si haba. Mtu anayetoka Tanga hadi Muheza na kurudi, matairi mapana, malori yakimpita begani, ana pumzi na ana makalio. Na Tanga ni mji wa baiskeli. Umekulia juu ya pedeli. Unachokosa hakipatikani huko kwenu. Pale Tanga ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Huku ukiacha kukanyaga ndiyo kwanza inaanza kwenda. Umejifunza kutafuta kasi, na huku mlima unakupa kasi bure kuliko unayoihitaji. Kazi yako inabaki kuikataa kidogo kidogo, kwa mikono miwili, saa mbili mfululizo. Ni ufundi mwingine kabisa, na siku ya kwanza watu hushangaa kwamba kinachouma ni vidole na mapaja, wala si kifua.

Sasa hili la kuwa peke yako. Nikiulizwa habari hii, wengi hutegemea nitazungumzia wezi au nyoka. Mimi hofu yangu ni ya kawaida zaidi: kifundo cha mguu. Ukiteguka mkiwa wawili, ni hadithi ya kucheka jioni. Ukiteguka peke yako katikati ya ukingo, saa kumi jioni, mguu haukanyagiki, baridi inaanza na mtu wa karibu yuko nusu saa juu yako, jambo dogo limeshakuwa kubwa. Uwezo wako ni uleule. Kilichobadilika ni bei ya kosa.

Nikupe la kwangu. Mwaka wangu wa tatu hapa Lushoto nilikuwa nashuka kijia nilichokijua, upande wa Soni, siku ya kawaida tu. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko mdogo uliofungwa chini ya usukani, nikaona nimefanya la maana sana kwa kuwa ilikuwa haichezi. Tairi la mbele likaingia kwenye mfereji wa maji ya shamba, mimi nikapita juu ya usukani, nikatua kwa bega. Mtulinga ulivunjika, niliusikia. Baiskeli ikaendelea na safari yake hadi kwenye korongo, kama mita kumi chini, na mfuko wake na simu yangu. Nimekaa pale nimeshika mkono, nasikia simu inaita. Ni mke wangu. Inaita, inakatika, inaita tena. Aliyenikuta ni mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Alinifunga mkono shingoni kwa kanga yake, akaita vijana, nikashushwa kwa bodaboda hadi barabarani. Kuanzia siku ile simu yangu hukaa mwilini, mfuko wenye zipu, upande ambao siangukii mara nyingi. Nawe fanya hivyo. Begi na baiskeli ni vitu ambavyo ajali hupenda kuviweka mbali nawe.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia mimi, na ninayowapa ninaowasindikiza, ni hii: ukiwa peke yako, shuka daraja moja. Umewahi kuona video za Wazungu zenye alama za rangi kwenye vibao; ni mfumo wa IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani. Duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili ni kwa wataalamu tu. Kama unaipita bluu vizuri ukiwa na wenzako, peke yako endesha kijani. Usumbufu ni kwamba vijia vyetu havina vibao. Njia ya ukingo wa Irente haikuchongwa na mtu aliyefikiria tairi. Ilichongwa na miguu ya watu wanaotafuta mkato, na mguu unaweza kushuka mahali ambapo gurudumu haliwezi. Humo utakutana na madaraja yote manne ndani ya mita mia moja. Ndiyo maana nasema uitembee kwanza. Kutembea ndicho kibao chako.

(Kilimanjaro usingepata nafasi ya kuniuliza swali hili. Kule kanuni za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila mwongozaji. Kwenye vijia vya Irente uamuzi umeachiwa wewe, na hapo ndipo penye mtihani.)

Nikuchagulie kipande kimoja tukitazame kwa karibu. Utakutana na namna yake mara nyingi: kijia kinashuka kati ya mashamba, kimechimbwa na maji ya masika, halafu ghafla kuna ngazi ya mawe matatu. La kwanza ni la urefu wa kiganja, la pili linafika nusu ya goti, la tatu limelala mshazari na mzizi umelipita juu, mweusi, umelainishwa na visigino. Mara tu baada ya mzizi njia inakata kushoto. Kulia kwake hakuna kitu. Ni kingo ya shamba, na mahindi yako mita tatu chini.

Mkiwa wawili, mmoja anasimama pale kwenye kona, mwingine anajaribu. Ukiwa peke yako fanya hivi. Simama juu, laza baiskeli mahali isipoteleza, shuka kwa miguu hadi chini ya kona, kisha geuka utazame juu. Kutoka chini utaona mambo ambayo juu hayaonekani kabisa: kwamba jiwe la pili linatikisika, kwamba udongo baada ya mzizi umekuwa unga, kwamba kuna nafasi ya tairi upande wa kushoto ambapo mzizi umezama. Likanyage lile jiwe. Kisha anza kupanga kutoka mwisho kurudi mwanzo: nataka kutokea wapi, basi gurudumu la mbele lipite wapi kwenye mzizi, basi niingie ngazi ya kwanza upande gani, basi breki niimalizie wapi. Mpango ukianzia juu, unakwisha kwenye jiwe la pili, na wewe pia.

Unapopanda tena baiskeli, kiti kiwe chini kabisa. Baiskeli yako haina kitufe cha kushushia kiti ukiwa unakwenda, basi simama na ushushe kwa mkono, usione uvivu. Pedeli mbili ziwe usawa mmoja, uzito uko miguuni, magoti na viwiko vimelegea, makalio yamerudi nyuma ya kiti kidogo, lakini kifua kibaki chini. Wanaoanza hurudi nyuma mno hadi mikono inanyooka kama kamba. Mkono ulionyooka hauna pa kwenda tairi la mbele linaposhuka, hivyo unakuvuta mwili mzima, na hapo ndipo watu wanaporushwa. Macho yatazame kona, usiyaache yabaki kwenye mzizi. Ukiukodolea macho mzizi, utaupanda; sijui kwa nini binadamu tumeumbwa hivyo, ila nimeliona mara nyingi mno. Breki uimalize kabla ya ngazi. Juu ya mzizi na jiwe lenye umande usiguse breki ya mbele kabisa. Acha magurudumu yazunguke, yatapita.

Na kama umesimama juu ya ngazi hiyo zaidi ya dakika mbili ukibishana na nafsi yako, umeshajibiwa. Beba baiskeli. Hakuna aliyekuona, na hata angekuona, mtu wa huku anaona kubeba baiskeli kwenye mawe ni jambo la akili. Kinachomshangaza ni wewe kuipanda.

Breki zinastahili maelezo yake, maana wewe unatoka tambarare, na breki za tambarare hazijawahi kufanya kazi.

Chukua uzito wako, baiskeli, maji na vifaa. Tuseme kilo 90. Ukingo wa Irente uko kama mita 1,000 juu ya tambarare. Uzito huo ukishuka urefu huo, ile nguvu lazima iishie mahali. Kwa kuwa kwenye kijia cha mawe huendi kasi ya kukatana na upepo, sehemu kubwa inaishia kwenye diski mbili za chuma zilizo nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Ukipiga hesabu unapata karibu kilojuli 880. Hilo ni joto la kuchemsha lita mbili na nusu za maji kutoka ubaridi wa kawaida hadi yatokote: chai ya watu kumi, kwenye magurudumu yako.

Mchezo huu wenyewe umekulia kwenye tatizo hilo. Mwaka 1976, karibu na Mlima Tamalpais huko California, vijana walianza kushindana kushuka barabara ya vumbi iliyokuwa inapoteza karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu, kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Ile breki iko ndani ya kitovu cha gurudumu. Walipofika chini, grisi ilikuwa imeungua na kutoka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kupakiwa grisi upya kila baada ya kushuka. Kwa Kiingereza kupakia upya ni "repack", na mteremko ule unaitwa Repack hadi leo. Waliokuwa wanashindana pale, akina Gary Fisher na Joe Breeze, ndio waliokwenda kutengeneza baiskeli za mlima za kwanza, ambazo ya kwako ni kitukuu chao.

Diski zako haziunguzi grisi, lakini ukizikandamiza polepole njia nzima, kama mtu anayeogopa, zinapata moto usiopungua. Vipande vya breki vinaanza kunuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, mkono wa breki unazama karibu na usukani, na nguvu inapotea. Dawa yake inaonekana kama ujasiri lakini ni hesabu tu: kamata kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona au kikwazo, kisha achia kabisa ili upepo upite kwenye diski. Kamata, achia. Kidole kimoja cha shahada kinatosha kwenye breki za mafuta. Vingine vishike usukani. Na kila baada ya dakika kumi simama. Diski zipoe, vidole vipumzike, unywe maji. Diski usiiguse kwa kidole kuona kama imepoa. Wapo waliofanya hivyo, nami nimo.

Kwa kuwa ni ya mtumba, kabla hujatoka Tanga hakikisha mkono upi unashika breki ya mbele. Baiskeli iliyotoka Japani au Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Iliyotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani ni kushoto. Kwenye lami hulioni tatizo. Kwenye ngazi ya mawe, ukishtuka, mkono unafanya ulichozoea utotoni, na ukikosea upande gurudumu la mbele linafunga. Kama mikono yako imezoea kinyume na baiskeli, mpe fundi anayejua abadilishane mipira ya breki, ya kulia iende kushoto. Ukiwa kwake, mwonyeshe pia vipande vya breki: ile nyama inayosagika ikibaki unene wa milimita moja, havifai kushuka Usambara. Mafuta nayo usiongeze ya kubahatisha. Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM zinatumia mafuta ya DOT. Ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika, na unagundua hilo ukiwa mlimani.

Matairi upunguze upepo. Wengi wa Tanga wanajaza hadi tairi linalia kama ngoma, maana lami inapenda hivyo. Kwa kilo zako, ukiwa na tyubu ndani, anza na psi 28 hivi nyuma na 26 mbele, kisha usikilize: kama rimu inagonga mawe ongeza kidogo, kama baiskeli inarukaruka punguza. Beba tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni, pampu, vijiko vya kutolea tairi na kifaa cha kukatia mnyororo.

Tyubu ya akiba ikiisha, usikate tamaa kwa sababu fundi wa kijijini ana tyubu za Phoenix tu. Tyubu ya 28 ya baiskeli kubwa za mizigo inaingia kwenye tairi lako la 29, kwa kuwa rimu zake zimepishana milimita 13 tu kwa kipenyo: ile 635, yako 622. Tatizo linaweza kuwa valvu. Ile ya Phoenix ni nene, inahitaji tundu la milimita 8, na kama rimu yako imetobolewa kwa valvu nyembamba, haipiti. Tazama leo tundu lako ni la namna gani. Ukikosa vyote, jaza tairi majani makavu, kaza kadiri uwezavyo, usukume na uendeshe polepole mahali pa tambarare. Haipendezi, ila inakufikisha.

Mwezi wa nane ni mzuri. Masika imekwisha, vuli haijaanza, njia imekauka. Lakini ni kipindi cha baridi, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Asubuhi ukungu unaweza kukaa hadi saa tatu na mawe yana umande. Udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni kama sakafu. Ukipata manyunyu ya dakika kumi unakuwa sabuni, na matairi yanabeba tope hadi hayazunguki. Usianze kijia kabla ya saa nne. Jua linazama kwenye saa 12 na nusu jioni, na msituni giza linatangulia. Jiwekee saa ya kugeuka, uiandike kwenye karatasi ubandike kwenye fremu: ikifika saa tisa, popote ulipo, unaanza kutafuta barabara. Mtu aliye peke yake hana wa kumwambia "tumechelewa", hivyo karatasi imwambie.

Mwenye nyumba ya wageni unapolala mwachie maneno kamili. "Naenda Irente, nitarudi jioni" haimsaidii mtu. Mwambie unashukia kijia gani, umevaa rangi gani, unategemea kutokea wapi, na kwamba ikifika saa 11 hujapiga simu, apige yeye, na asipokupata amtafute nani. Mpe pesa ya vocha, kabisa. Namba ya dharura ni 112, lakini ukweli wa milimani ni kwamba wanaofika kwanza ni wanakijiji. Mtandao huko ukingoni unakuja na kupotea kwenye kila kona. Zile saa zinazodai kutambua umeanguka na kutuma ujumbe, nyingi hutuma kupitia simu yako, na simu bila mtandao haitumi kitu. Vifaa vya kutuma ujumbe kama inReach vinatumia setilaiti za Iridium, vinafanya kazi hata pasipo mtandao wa simu, ila vina ada ya kulipia, na sidhani kama kwa safari moja unavihitaji. Nunua filimbi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni kupuliza mara sita ndani ya dakika, unanyamaza dakika moja, unarudia. Huku kwetu huenda wengi hawaijui hesabu hiyo, lakini filimbi isiyokoma ina maana moja tu kwa kila mtu, na yowe nalo halijapitwa na wakati.

Nisilisahau la kichwa. Ukigonga kichwa, hata kofia ikiwa imekukinga na unajisikia mzima, safari ya siku hiyo imekwisha. Mtikisiko wa ubongo unaharibu kitu kilekile unachokitumia kujipima. Mwenzako angegundua kwamba umeuliza swali moja mara tatu. Peke yako hakuna wa kugundua. Acha baiskeli kama inakuchelewesha, tembea kuelekea kwenye watu. Ukitapika, ukisinzia au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali usiku huohuo. Na kofia usinunue ya mtumba. Kofia ikishapokea pigo moja imemaliza kazi yake, na ya mtumba haina wa kukuambia ilianguka na nani.

Halafu kuna watu wa njia. Kijia kile ni barabara yao: mama ana kabichi kichwani, watoto wanatoka shule, ng'ombe amefungwa kamba iliyokatisha njia na hiyo kamba huioni hadi umefika. Wewe ndiye mgeni. Ukiona mtu anapanda, simama, shuka kwenye baiskeli, mpishe, msalimie kwa shikamoo kama ni mkubwa wako. Usikate matuta ya mboga kwa kukwepa jiwe. Adabu hiyo ina faida nyingine ambayo waongozaji tunaijua: kila uliyemsalimia anakumbuka kijana wa baiskeli aliyepita saa ngapi akielekea wapi. Ukitafutwa, wao ndio wataulizwa. Aliyepita kama mshale bila neno, watu wanakumbuka vumbi tu.

Basi siku zako nne mimi ningezitumia hivi. Siku ya kwanza ukifika, mchana, endesha barabara ya vumbi kutoka mjini hadi Irente, ni kama kilomita tano. Pale njiani kuna shamba la Irente, nunua mkate wa rai na jibini lao, ukae ukingoni uitazame Mazinde ilivyo ndogo kule chini. Usishuke hata mita moja. Siku ya pili panda Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kiingilio hulipwa, na njia zake pana za msituni zitakufundisha kushuka na kona bila mawe ya kukuvunja. Hiyo, getini wakikuruhusu, unaweza kwenda peke yako, na ndiyo safari ya peke yako niliyokuwa nakutakia. Fanya mteremko mmoja mara tatu au nne badala ya kutafuta mipya. Mara ya nne ndipo utajua kama unajifunza au unabahatisha.

Siku ya tatu acha baiskeli. Tafuta kijana wa Irente anayekijua kijia, mlipe, mshuke kwa miguu hadi chini, ukihesabu mahali ambapo ungelazimika kuibeba baiskeli. Mtakapofika barabara kuu mtapata gari hadi Mombo, na kutoka Mombo mtapanda tena kupitia Soni. Hesabu ikizidi kumi, siku ya nne rudi Magamba ukafurahi. Ikiwa chini ya hapo na mwili unajisikia vizuri, siku ya nne shuka na yuleyule kijana akiwa mbele yako kwa miguu. Usicheke. Kwenye mawe yale mtembea kwa miguu mzoefu atakusubiri kila kona.

Vipande vya breki vya akiba nunua hukohuko Tanga, au agiza Arusha kabla ya safari, ukiwa na vya zamani mkononi kama mfano, maana umbo lake hutofautiana kila aina. Madukani hapa Lushoto utapata tyubu, spoku, minyororo na pedeli za kila namna, lakini vipande vya diski mara nyingi hutavikuta. Ukifika, nipitie, niviangalie kabla hujapanda Magamba. Dakika tano tu, na chai ipo.